Kata Ilipohama Mkono

Siku ya kwanza kazini nilifika mji wa Mkuu mapema kuliko wote, nikiwa na kalamu tano, nikihofia wino kuniishia. Mwongozaji wa filamu alikuwa amenipa kazi ya mtunza mwendelezo. Ni kazi ya macho: mwigizaji akishika kata, kile kibuyu cha kunywea mbege, pombe ya ndizi, kwa mkono wa kulia katika picha ya mbali, ya karibu ikipigwa aishike vilevile.

Filamu ilitokana na mchezo wa jukwaani ambao watu sita wa kundi moja la mtaa wa Pasua, Moshi, walikuwa wameucheza kwa miaka mingi. Ndani yake ndugu wanamzika mama yao, kisha wanagombea kihamba, shamba la migomba la ukoo. Mzee Elirehema alicheza kaka mkubwa, asiyesema neno hadi mwisho.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye polisi wa mikono? Haya, utukamate taratibu."

Tulianza na picha ya mbali, wote sita pamoja. Mama Ndeshi, aliyecheza kitindamimba, alipaswa kukiri kwamba hakumuuguza mama. Akakwama. Maneno yalimtoka kabisa. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mmoja alivua kofia polepole, mwingine akaweka bakuli chini, kila mtu akimpa muda kidogo. Mzee Elirehema, aliyepangiwa kushika kata kwa mkono wa kulia hadi mwisho, aliihamishia mkono wa kushoto, na ule wa kulia akauweka begani kwa Mama Ndeshi. Mama Ndeshi akavuta pumzi, akasema yote kwa sauti ya chini. Nililia. Huku nalia, nikaandika daftarini: "Kata, mkono wa kushoto. Kosa."

"Mwendelezo, tuko sawa?" mwongozaji aliuliza.

Niliwaza: nikinyamaza, kosa likaonekana baadaye, watasema sikuwa nikitazama. "Hapana, bosi. Kata imehama mkono."

"Futeni hiyo, kadi ya kamera imejaa. Tutawapiga picha mmoja mmoja."

Mzee aliutazama mkono wake. "Pole, binti. Wa kulia ulikuwa na kazi."

Sikumwelewa. Alifariki kabla filamu haijaonyeshwa.

Tuliitazama Moshi mjini. Kila uso ulijaza kioo cha sinema, na kila mkono ulikuwa mahali pake. Mama Ndeshi aliyekaa kando yangu alininong'oneza, "Mbona kila mtu yuko peke yake?"

Nikamweleza nilichofanya. Hakunigombeza, na hilo limeniuma zaidi. Niliiacha kazi ile mwezi uleule. Watu huniambia ni mapema mno kwa kijana kuzungumzia kazi kama mstaafu, lakini sina nyingine ninayoikumbuka hivi. Anayeianza leo namwomba atazame mkono unaoshika kata, kisha autafute na ule mwingine.

Siku ileile niliyomweleza, Mama Ndeshi aliomba ukurasa ule wa daftari langu. Alisoma mstari wangu, akaukunja ukurasa, akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Kumbe aliihamisha kata," alisema. "Mimi nilihisi mkono begani tu."