Mtoe Dada Yako Langoni

Siku tuliyomzika babu yangu kule Peramiho naikumbuka vizuri, mwanangu Osmund, na nitakusimulia. Lakini acha kwanza nitoe la moyoni, maana mchana wa leo umenichosha kuliko kupalilia mahindi.

Umeniita nije kucheza gemu unalolitunga. Nimekuja, mimi shangazi yako, nimeacha maharage jikoni. Ukatueleza kwamba wewe unasimulia, sisi kila mmoja anajifanya mtu wa kwenye hadithi, na jambo likiwa na mashaka tunarusha dadu. Hilo nililielewa, tena nikalipenda. Mimi nikawa mganga, dada yako Imelda akawa mwindaji wa majoka. Tukafika kwenye lango la kutokea mjini. Imelda akasema, "Nalisukuma."

Basi! Ukaanza kufunua makaratasi. Kanuni ya uzito wa lango. Kanuni ya mbao zake, kama ni mninga au ni nini. Kanuni ya mkono uliolowa. Imelda akakuuliza, "Osmund, nimetoka au sijatoka?" Ukamjibu, "Subiri dada, hizi kanuni lazima zifae kila ulimwengu, hata usio na milango."

Kila ulimwengu! Na huu mmoja ulio mezani umekushinda. Rafiki zako wawili wameaga eti wanawahi misa ya jioni, na mmoja wao ni Shabani, Mwislamu safi. Hukushtuka hata kidogo.

Na kesho Imelda anaondoka Songea kwenda kufundisha Nakapanya. Alikaa pale mezani kwa sababu yako, Osmund, si kwa sababu ya majoka. Nimemwona akiinuka taratibu kwenda kufunga begi lake, na wewe umeinama unafuta kwa raba. Nilitaka kukurushia mwiko.

Sasa nikurudishe kwa babu. Sisi Wangoni tuna watani wetu Wahehe, unajua. Msibani mtani anakuja kukutukana, anavaa nguo za marehemu, anajilaza kaburini mpaka apewe kuku, nawe huruhusiwi kukasirika. Kanuni ni hiyo tu. Mimi wakati ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, nikaona mambo haya ni ya kishamba, hayana utaratibu. Nikakaa na binamu zangu tukaandika taratibu za utani. Kofia ya marehemu ruhusa, viatu marufuku. Kulala kaburini mwisho padri akifika. Jogoo sawa, kuku mwenye vifaranga hapana. Tukabandika karatasi mlangoni, tukajiona watu kweli.

Watani wakafika, wakasoma. Mmoja akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Samahani, kuiga kikohozi cha marehemu kumo?" Hakukuwamo. Nikamwambia asubiri kamati ikae.

Na bibi yangu, mjane mwenyewe, alikuwa pale kwenye mkeka, macho makavu, hajasema neno tangu babu afariki. Sote tulikuwa tunamwogopea. Tulitegemea watani wamfungue moyo, na watani nao wanasubiri kamati yangu.

Ndipo akaja mbele yangu Bibi Sikujua, mtani wetu na jirani wa tangu zamani. "We mtoto," akaniambia, "mimi huyu bibi yako namjua. Najua pa kumchokoza, najua na pa kumwacha. Karatasi yako inamjua?"

Akaibandua, akajipepea nayo. Akavaa kofia ya babu, akakohoa kile kikohozi chake hasa, akaanza kumkaripia bibi kwamba ugali haujaiva. Bibi akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akamlilia mume wake kwa sauti, na wanawake wakaja kumshika. Mimi nilisimama mlangoni nikiona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Kwa hiyo nisikilize, hata kama nakuudhi. Ibakize kanuni ya dadu tu, inatosha kwa lile ambalo hakuna anayejua litakuwaje. Mengine yote yatazame kwenye nyuso za watu waliokaa nawe. Ukiona mtu anataka kupita, mpitishe. Kanuni ya kufaa kila ulimwengu haimjui dada yako, wewe unamjua. Hayo makaratasi yaweke kabatini, utayaandika Imelda akishaondoka, na nakwambia utakuwa na nafasi nyingi sana ya kuandika.

Mungu akupe akili ya kujua wakati wa kufunga daftari, mwanangu, na meza yako isikose watu. Haya, nenda chumbani ukamwite kabla hajafunga zipu. Mwambie lango limefunguka. Na mimi nakuja, nikishaepua maharage, maana nataka kujua huko nje kuna nini.