Mguu wa Kutazamia

Watu wageni walipoelekezwa kwa fundi aitwaye Mguu Mmoja, walikuja gereji wakimtafuta kiwete. Walichokikuta ni miguu miwili mizima, tena mirefu, imetokeza chini ya gari.

"Samahani, Mguu Mmoja yuko wapi?"

"Umemkanyaga kidole," miguu ilijibu.

Jina hilo alilipata kazini. Mafundi wa pale waliita gurudumu na vyote vilivyo nyuma yake "mguu", na yeye, kwenye breki za nyuma za magari ya zamani, hakufungua miguu yote miwili kwa pamoja hata uje na barua ya serikali. Alifungua wa kushoto, akausafisha, akabadilisha vya kubadilisha, akaufunga. Muda wote huo wa kulia uliachwa kama ulivyo. Ndani ya dramu la breki, lile bakuli zito la chuma, mna vikorokoro vingi: viatu viwili vilivyopinda, springi za kila rangi ya kutu, vijiwaya, vijisahani. Akisahau springi gani inaingia tundu gani, alizunguka upande wa pili, akavua dramu, akachungulia. "Huu ndio mguu wangu wa kutazamia," alisema. Wenzake walimcheka kwamba kazi ya kutwa anaifanya siku mbili. Hakujali. Bei alikuwa anapunguza, kwa hilo hakuwa mgumu. Siku hapunguzi.

Mpaka alipokutana na Mama Mwisho.

Mama Mwisho alianza maisha kwa kuokota chupa tupu, akaja kwenye vyuma chakavu, na sasa alikuwa na yadi yenye geti lake na mbwa wake. Hakuna kitu alichowahi kununua kwa bei ya kwanza. "Sema mwisho," ndilo neno lake, na ukishasema mwisho ndipo yeye anaanza. Watoto wake aliwalea hivyohivyo. Katika nyumba ile mtoto akiambiwa akalale, alijibu, "Nikilala sasa hivi, kesho naamka saa ngapi?" Kitinda mimba, binti aliyefanana naye sura na ulimi, aliposwa alimwuliza mposaji kama kuna nafasi ya kufikiria, kisha akafikiria mpaka kijana wa watu akakonda. Sasa kijana huyo alikuwa mume wake, dereva mzuri, mtii, mtu wa kufuata maelekezo kama yalivyotolewa. Mama mkwe alimpenda kwa utii huo. Utii ulimpunguzia kazi.

Gari lililowakutanisha lilikuwa kubwa, refu, la siku nyingi kuliko ndoa za watu wengi, na lilikuwa na nyumba mgongoni. Kitanda nyuma kabisa chini ya dirisha, jiko la gesi, sinki lenye bomba, meza ya kukunja, mapazia ya maua yaliyofifia. Wapakiaji wa yadi waliliita Chumba-na-Sebule. Mama Mwisho alilitoa nyuma ya ukuta wa mtu aliyeshindwa kulitumia, na lilikaa yadini muda mrefu watu wakimcheka kichinichini. Halafu akatokea mhandisi wa barabara, anayejenga ng'ambo ya milima, anatafuta mahali pa kulala karibu na kazi yake. Alilitaka. Lakini alisema likichelewa kupita Jumatatu, atachukua kontena.

Hapo ndipo Chumba-na-Sebule lilipokokotwa hadi gereji.

"Injini nzuri," alisema Mguu Mmoja akijifuta mikono. "Breki za nyuma zimelala. Nikianza leo mguu wa kushoto, kesho nafanya wa kulia, keshokutwa unaondoka."

"Keshokutwa nani ataondoka? Kontena ndilo litakuwa limeondoka. Vyote leo."

"Mama, jina langu unalijua."

"Nalijua. Na mimi la kwangu unalijua. Haya, sema mwisho."

"Mwisho kesho jioni."

"Fundi, mikono yako miwili, miguu ya gari miwili. Umefanya kazi hii tangu mkwe wangu huyu hajaota meno. Bado unatazamia? Mwanafunzi ndiye anayetazamia."

Wenzake waliangua kicheko. Mmoja akapiga ngazi kwa spana kama anayepiga makofi. Mguu Mmoja alitabasamu, ila masikio yalimwiva. Akachukua jeki ya pili.

Madramu yote mawili yalitoka. Vumbi jeusi likamwagika sakafuni. Vya kushoto alivitia kwenye kopo la rangi, vya kulia kwenye ndoo iliyokatwa, kisha akaenda kutafuta mafuta ya breki. Mama Mwisho hakuwa mtu wa kukaa akitazama wakati ukipita. Alikunja kanga kiunoni, akavuta karai, akamimina kopo, akamimina ndoo, akatia petroli, akaanza kusugua. Fundi aliporudi alikuta vyuma vinang'aa kama vijiko vya harusi, vyote kwenye karai moja.

Alisimama akaliangalia karai lile.

"Umevichanganya, mama."

"Si vinafanana?"

"Vinafanana," alisema. Akachutama, akaokota viwili: vijiti vifupi vya chuma, kila kimoja na kigurudumu chenye meno katikati, mfano wa nyota. Ndivyo vinavyosukuma viatu vya breki vikae karibu na dramu. Kimoja ni cha kushoto na kingine cha kulia, na kiwandani viligongwa herufi ya kuvitambulisha. Alivigeuza kwenye mwanga, akavisugua kwa kidole gumba. Kutu ilikwisha kula herufi zote mbili. Akageuka kutazama mguu wa pili, kwa mazoea tu. Nao ulikuwa mtupu.

Akavifunga kwa kukisia.

Mwishoni alilala chini ya gari, akapenyeza bisibisi kwenye tundu dogo nyuma ya gurudumu ili aikaze ile nyota. Mama Mwisho alikwisha shika ufunguo.

"Ajabu," sauti ikatoka chini. "Siku zote naikaza kwa kupandisha. Leo inakaza kwa kushusha."

"Inakaza au haikazi?"

"Inakaza."

"Upande wa pili je?"

Bisibisi ikakwaruza upande wa pili. "Nao hivyohivyo."

"Basi vimekubaliana wenyewe, sisi tunabishana nini? Toka huko."

Akatoka. Mkwe alizunguka na gari mtaani, akakanyaga, gari likasimama pale pale mpaka milango ya kabati za jikoni ikafunguka. Breki safi. Mguu Mmoja akamwinamia dirishani.

"Pedali ikianza kushuka, usihangaike. Gari hili linajikaza lenyewe. Tafuta mahali pa wazi, rudi nyuma, kanyaga breki. Rudi tena, kanyaga tena. Kila ukikanyaga ukiwa unarudi, nyota inasogea jino moja, viatu vinasogea. Umeelewa?"

"Nimeelewa, fundi. Nikirudi nyuma zinakaza."

Waliondoka alfajiri, mume kwenye usukani na Kitinda mimba pembeni, maana mhandisi alikuwa mbishi na mtu wa kumbishia alitakiwa.

Simu ya kwanza ilikuja wamekula theluthi ya safari. "Mama, pedali imeshuka kidogo," alisema mkwe. "Lakini nimeshafanya alivyosema fundi."

"Ikawaje?"

"Bado iko chini. Labda sikurudia vya kutosha. Nimerudia tena."

"Sawa baba, endeleeni. Jumatatu hiyo."

Alikata simu akarudi kwa mteja wake wa mabati. Walikubaliana, mabati yakapakiwa, na kitu kikabaki kinamtekenya shingoni kama nywele iliyoingia ndani ya nguo. Hakukijua. Breki hakuzijua. Alichokijua ni bidhaa: kitu kinachochakaa huchakaa polepole, hakiharibiki zaidi kila unapokitengeneza.

Simu ya pili alipiga binti.

"Mama, hii nyumba yako inataka kutuua. Pedali inagonga sakafu. Akipiga haraka haraka mara mbili tatu ndipo inashika."

"Na breki ya mkono?"

"Anaivuta mpaka inakaribia kumkuna kidevu. Haikamati kitu. Lakini usihofu, amerudi nyuma tena. Karibu kila kituo anarudi nyuma. Watu wanatushangaa, wanadhani tumesahau mzigo."

"Mko wapi?"

"Tunapanda. Tukifika juu tutapumzika, halafu ndio ule mteremko. Mwambie fundi wako..."

Mlima ukamla maneno. Simu ikafa.

Mama Mwisho aliiacha yadi wazi. Hakufunga geti, jambo ambalo hata mbwa alilishangaa. Alimkuta Mguu Mmoja kachutama kwenye gari jingine, mguu mmoja wazi, mwingine umefungwa.

"Kile kidude cha nyota," alisema bila salamu. "Cha kushoto kikiingia kulia, inakuwaje?"

Fundi aliweka spana chini. Alinyanyuka, akaenda kwenye kabati, akatoa jozi ya zamani ya namna ileile, akashika kimoja kila mkono. Akazungusha nyota ya kwanza kwenda juu kwa kidole, kijiti kikarefuka. Akazungusha ya pili kwenda juu vilevile. Kikafupika.

"Kila kimoja kimekatwa nyuzi za skrubu kinyume cha mwenzake," alisema. "Mkono wangu uliniambia siku ile. Nikaupuuza."

"Kwa hiyo kila akirudi nyuma..."

"Anazilegeza mwenyewe. Jino moja, jino moja." Akamgeukia. "Mama, amerudi nyuma sana?"

Mama Mwisho alikuwa anapiga simu. Namba haipatikani. Akapiga. Haipatikani. Kwenye gereji nyundo zilinyamaza moja moja, hata yule aliyepiga ngazi makofi alisimama na spana yake mkononi. Akampigia mkwe, haipatikani. Akampigia binti tena. Mguu Mmoja alikuwa bado ameshika vile vijiti viwili, anavizungusha, anavizungusha, kama mtu anayetaka vibadilishe nia.

Simu ikaita.

Ikapokelewa, na kitu cha kwanza alichosikia si salamu. Kilikuwa ngurumo ya injini ile kubwa, karibu mno, na juu yake sauti ya mwanawe, ya furaha, ya mtu anayeongoza gari kwa mkono.

"Njoo! Njoo! Njoo, njoo... Haloo? Njoo!"

"Uko wapi?"

"Nani? Mama! Tuko juu. Anakaza breki mara ya mwisho kabla hatujashuka. Hapa pamebana, namwelekeza. Njoo, njoo!"

"Umesimama wapi?"

"Nyuma yake, nitasimama wapi tena? Njoo!"

"Ondoka nyuma ya gari."

"Eeh?"

"Ondoka hapo! Sasa hivi!"

Mtoto mwingine angeruka. Huyu alikuwa wa Mama Mwisho, na katika nyumba ya Mama Mwisho neno la kwanza halikubaliwi.

"Niondoke kwa nini? Nikiondoka atagonga kifusi. Mama, sikusikii na hii ngurumo, hebu subiri nisogee pembeni uniambie vizuri, maana siwezi kuacha..."

Akasogea. Hakusogea kwa kutii. Alisogea apate kubishana vizuri.

Mama yake alisikia ngurumo ikipanda, halafu pedali ikipigwa, tap, tap, tap, sauti ndogo ya kipuuzi. Mawe yakatafunwa. Mkwe alipiga kelele neno moja lisiloeleweka. Kisha vioo, kisha vyombo vya jikoni vyote kwa pamoja, kisha upepo mtupu kwenye simu.

"Wewe mtoto," alisema Mama Mwisho.

Upepo.

"Wewe mtoto!"

"Nipo," sauti ikasema, nyembamba. "Mama, limepita hapa. Hapa nilipokuwa."

Chumba-na-Sebule lilivuka mahali pa maegesho, likakipanda kifusi cha kokoto kilichoachwa na wajenzi, likalala juu yake kwa tumbo. Magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka hewani, na dirisha la chumba cha kulala lilitazama chini bondeni. Mkwe alitolewa kwenye usukani akiwa mzima, mguu wake ungali unakanyaga. Waliomtoa walimwambia aache. Iliwachukua muda kumwachisha.

Kontena lilikwenda kwa mhandisi. Gari lilirudishwa kwa winchi, likaingizwa gereji, na Mguu Mmoja akalifungua mguu wa kushoto peke yake. Mama Mwisho alikaa kwenye tairi, kanga haikukunjwa kiunoni, mikono mapajani. Alikaa siku ile na iliyofuata. Karai aliliona pale pale lilipoachwa. Alilisukuma kwa kisigino likaingia chini ya meza. Jioni fundi, kwa kutafuta neno la kusema, aliuliza, "Mama, leo huniulizi mwisho lini?"

"Fanya kazi," alisema.

Hakuna aliyemsikia akilizungumzia zaidi. Biashara iliendelea, na ukali wake kwenye bei ni uleule, isipokuwa wateja wa zamani waligundua jambo, wakaambiana kwa siri. Yadini malori hurudi nyuma kutwa nzima kupakia, na mpakiaji husimama nyuma akiita, "Njoo, njoo, njoo." Hapo Mama Mwisho hukatika katikati ya neno. Macho huenda kwa aliyesimama nyuma ya lori, hayatoki kwake mpaka asogee, na kwa muda huo ukimtajia bei yoyote, hata ya matusi, anakubali kwa kichwa.

Kwa hiyo wajanja huja na bei yao mfukoni, wakakaa kivulini, wakasubiri lori.