Kiganja cha Kupimia Esansi

Harufu ya esansi, yaani petroli, ikinifikia ghafla, kiganja changu cha kulia hujifunga chenyewe. Mwezi uliopita kilijifunga hapa Beni, kwenye gereji nilikokuwa nimepeleka pikipiki ya kazini, na tangu siku hiyo usingizi ukanikimbia. Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi, niliosoma nao chuo wanajua. Ujumbe wa maneno mawili naweza kuuzungusha kichwani mpaka chakula kipoe. Safari hii nilikuwa nikijiuliza kama nina haki ya kumwambia mama yangu jambo ambalo lingeiharibu hadithi anayoipenda kuliko zote, hadithi anayoisimulia akicheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, nanyi mtaona wasiwasi wangu ulikotoka.

Katika miaka ya vita, mji wetu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, ulipokuwa mikononi mwa waasi, esansi ilitufikia kutoka Uganda ndani ya bidoni, madumu ya plastiki ya njano, ikauzwa kwenye chupa juu ya meza za mbao, kando ya ndizi na sabuni. Mama alikuwa na meza yake mahali ambapo magari ya Beni hupunguza mwendo kabla ya kutoka mjini. Bei ilipanda na kushuka kufuatana na habari za barabara ya Kasindi, mpakani, na habari hizo hazikuwa nzuri mara nyingi.

Madereva wa wakati ule waliongea juu ya mafuta kama wakulima wanavyoongea juu ya mvua. Walizima injini kwenye kila mteremko na kuliacha gari lishuke kimya, abiria nao wakinyamaza kana kwamba kuongea kungelichelewesha. Walitumbukiza kijiti kwenye tangi na kukitazama kwa muda mrefu. Papa Saidi, mfanyabiashara Mwislamu wa Beni aliyeendesha kamioneti, pikapu, ya buluu, alikuwa akivua kiatu cha mguu wa kulia kabla ya kuondoka, ili, alivyosema, mguu usikie gari linapoanza kuwa na ulafi. "Hii gari inakulaka kuliko bashemeji yangu wote," alimwambia mama. "Lakini bashemeji, naweza kubafungia mulango."

Kitu walichokiogopa zaidi ya bei ni esansi iliyochanganywa na mafuta ya taa. Gari lililoinywa lilikohoa kwenye mlima na kusimama, na kusimama njiani wakati ule, wenye bunduki wakiwa wanatembea kama watakavyo, lilikuwa jambo la kufa na kupona. Kwa hiyo walipima kabla ya kununua. Matone machache kwenye kiganja: esansi safi hukauka upesi na kuacha baridi, iliyochanganywa hubaki iking'aa kama mafuta ya mawese. Lakini mikono ya dereva ilikuwa na grisi, na ya mama ilikuwa imelowa esansi tangu asubuhi. Mkono msafi pale mezani ulikuwa wangu.

Hivyo ndivyo nilivyogeuka kuwa kipimo. Kila asubuhi mama aliniosha kiganja kwa sabuni kama mtu anayeosha kikombe cha mgeni. "Masika, leta mukono," madereva waliniambia, nami niliuleta, nikijisikia mtu mkubwa sana kwa mtoto wa darasa la pili. Shuleni msichana niliyekaa naye dawati moja aliomba kuhamishwa kwa sababu ya harufu yangu, na hapo nilijisikia mdogo tena, lakini mezani nilikuwa malkia.

Wakati mmoja barabara ya Kasindi ilifungwa, ikaendelea kufungwa. Baba alikuwa amekwama shambani kwetu upande wa Mabalako, njia ikiwa imekatika, na sisi watoto tulikuwa tukila kutokana na meza ile tu. Mama alibakiwa na bidoni moja isiyojaa. Asubuhi moja aliniita nyuma ya jiko. Nilishika chupa ya plastiki iliyokatwa kitako iwe faneli, naye akamimina mafuta ya taa ndani ya bidoni polepole, akitazama uzio wa jirani na sio kile alichokuwa akikifanya. Baadaye, aliponiosha kiganja, alisema, "Leo wakikuwekea, puliza. Puliza mbio."

Alijua alichokuwa akikihatarisha. Mama mwingine wa barabara ileile alikamatwa na mchanganyo. Madereva walimwaga chupa zake zote mtaroni, wakamwimbia nyimbo za kumcheka, na hakununuliwa hata sabuni tena. Nilikuwapo. Nilicheka pamoja na wengine.

Wa kwanza kufika siku hiyo alikuwa Papa Saidi, na nyuma yake walisimama madereva wengine wawili, vijana, wenye haraka.

"Mama Masika, leo ni bei gani tena?"

"Ya leo. Ya jana ilikwisha, papa, enda uitafute."

"Unataka nianze kutembea na miguu na hii uzee?"

"Mbona kiatu moja unaivuaka tayari?"

Walicheka wote. Akaniomba mkono. Matone yakaanguka, na mara moja nikajua, kwa sababu baridi haikuja. Nikapuliza. Nikapuliza mpaka kichwa kikazunguka, na kiganja kiliendelea kung'aa juani, kila mstari wake ukionekana. Papa Saidi aliinama akanusa. Kisha alinyanyua macho, hakumtazama mama, alinitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima. Hakukuwa na hasira. Nilitamani ingekuwapo.

"Saidi," kijana mmoja akasema nyuma, "uko unapima esansi ao unamusomea mutoto bahati yake?"

Papa Saidi alipitisha kidole gumba chake chenye grisi juu ya kiganja changu, akakipaka chote weusi, akavifunga vidole vyangu kimoja baada ya kingine.

"Imekauka," alisema. "Ni muzuri. Nachukua bidoni yote."

"Yote? Na sisi tunywe nini?"

"Maji. Mimi naenda mbali, ninyi munaenda kwa bachumba."

Walilalamika, wakatukana kidogo kwa utani, wakaenda meza nyingine. Yeye alilipa bei ya mama bila kubishana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaipandisha bidoni nyuma ya kamioneti na kuifunga kwa kamba. Hakumimina hata tone kwenye tangi. Niliona hilo. Mama hakuliona, kwa sababu alikuwa amegeuka kuficha uso.

Jioni ile tulikula wali. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mungu alimufunika macho," alisema, na hayo ndiyo maneno yanayomalizia hadithi yake mpaka leo. Lakini hakuchanganya tena. Siku zilizofuata aliuliza kila gari lililotoka Beni kama kuna kamioneti ya buluu iliyokufa njiani, akiuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Kamioneti iliporudi nzima, alishukuru, kisha akaihamisha meza yetu barabara nyingine. Kwa miaka yote iliyofuata tulimkwepa Papa Saidi. Tukimwona sokoni, mama alikumbuka ghafla kitu alichosahau nyumbani. Baadaye aliacha esansi kabisa, akaanza kuuza samaki wa ziwani, kutoka Kyavinyonge.

Nami nilinyamaza. Mwanzoni niliamini kwamba pumzi yangu ilisaidia. Nilipokua nikaanza kushuku, na shaka ikanifaa, kwa sababu shaka haidai chochote. Mpaka mwezi uliopita. Fundi wa gereji alikuwa akiosha bolti ndani ya sahani ya kitu chenye harufu ninayoijua, nikamuuliza ni nini.

"Esansi na mafuta ya taa," alisema. "Mu gari ni sumu, lakini kwa kuosha iko safi. Papa yangu ndiye alitufundisha. Wakati ya vita alituletea bidoni nzima, akasema alinunua kwa kusudi. Mama alimugombeza wiki nzima. Na siku hiyo alifika usiku, anasukuma gari na bapasenja, sababu tangi ilikuwa kavu."

Nilimuuliza papa yake ni nani. Alinijibu bila kuacha kuosha: Saidi, yule wa kamioneti ya buluu. Ni mzee sasa, haendeshi tena, anakaa hapahapa, kwenye komine ya Ruwenzori.

Wakati ule nilidhani mtu mkubwa ama anadanganywa, ama anakasirika. Sikujua kwamba anaweza kuujua ukweli, akaununua wote ili usiwafikie wengine, akasukuma gari lake mlimani kwa ajili ya mtu atakayemkimbia sokoni. Nilichokiwaza kitandani ni hiki: nikimwambia mama, namvua nguo akiwa na mvi. Nisipomwambia, yule mzee anabaki kuwa mjinga wa hadithi yetu mpaka azikwe.

Jumamosi nilikwenda Butembo. Nilimkuta mama akipanga samaki, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa ningekaa ningeahirisha.

Alishika samaki mmoja kwa muda mrefu.

"Alijua," alisema.

"Alijua, mama."

"Na mimi nabachekesha batu na yeye, miaka yote hii."

Alinawa mikono, akaingia chumbani, akatoka amevaa kitenge cha kanisani. Akachagua samaki wakubwa, akawafunga kwenye majani, akaniuliza gari za Beni zinaondokea wapi siku hizi.

Kwenye lango la Papa Saidi alisimama akirekebisha kitambaa cha kichwa kilichokuwa sawa. "Pengine amelala," alisema. "Pengine turudi kesho." Nami nilikuwa na sababu zangu nyingine kama hizo, zote nzuri.

Nikabisha hodi.