Siku Niliyomuua Ouma Bungeni

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: yule mtu aliyemuua kijana wa watu Bungeni, kijana mzima anayepumua, ni mimi. Nilimuua kwa kalamu, nikiwa nimekaa kwa kiti na chai mkononi, na mpaka leo nikipita Kombewa siku ya soko nashusha kofia hadi kwa nyusi, maana kuna akina mama pale wakiniona wanaanza kuhesabu watoto wao.

Kazi yangu ni hii. Mheshimiwa wetu ni mbunge wa upinzani, mama mkali asiyependa kuchezewa, na mimi ndiye karani wa ofisi yake ya Kisumu. Watu wakija na malalamiko nawasikiliza, naandika swali, nalituma Nairobi, yeye anasimama nalo Bungeni na waziri anatakiwa kujibu. Kuna mambo matatu hayamtoki mdomoni: haki kortini, haki za watu wenye ulemavu, na vijana wetu wanaodanganywa na kazi za ng'ambo halafu wanajikuta kwa vita vya watu wengine. Sasa niulizeni ofisi ya huyu mtetezi wa watu wenye ulemavu iko wapi. Iko ghorofani, ngazi kumi na tisa, lifti hakuna (nilizihesabu baadaye, nilipokuwa na sababu).

Jumatatu moja asubuhi, mvua imetoka tu kunyesha, Mzee Barasa alipanda juu akihema. Mzee Barasa ni soja wetu, mlinzi wa pale mlangoni, anakaa mtaa wa Obunga, na ananiheshimu kuliko ninavyostahili. Akaniambia kuna mama chini, yuko kwa kiti cha magurudumu, ametoka Kombewa na anataka kuniona. Mimi nikasema goti linaniuma (uongo mtupu, goti lilikuwa sawa, shida ilikuwa chai moto na mandazi mawili hayajaguswa), nikamwambia, Mzee, mpe karatasi aandike shida yake, uniletee.

Basi, ni hapo tu. Kila kitu kibaya kilichofuata kilitoka hapo.

Roho ilinisuta kidogo, nikaenda dirishani kuchungulia. Nikaona mama wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, na juu ya magoti amekumbatia picha kubwa ya kijana iliyotiwa fremu. Sasa nyinyi ni watu wa huku, mnajua picha ya fremu ikitolewa ukutani ikakumbatiwa na mama yake mtu, inaenda wapi. Kwetu hiyo picha inatangulia jeneza, hakuna safari nyingine. Nikasema moyoni, pole mama yangu, nikarudi kwa mandazi.

Karatasi ilipofika ilikuwa na mistari michache tu. Mwanawe wa pekee, Ouma, alichukuliwa na wakala akaambiwa ataendesha lori ng'ambo, kufika huko wakamvisha gwanda wakampeleka vitani. Mama akamshtaki wakala, kesi ikapangwa kwa korti iliyo juu ghorofani, siku ya kesi yeye akabaki chini akitafuta mtu wa kumbeba, huko juu wakaita jina lake mara tatu, hakuna aliyeitika, kesi ikatupwa. Mama huyo alikuwa ametoka ngazi moja akaja kwa ngazi nyingine, na mimi nasoma shida yake nikiwa juu ya hizo hizo ngazi, na wala sikuona kitu. Hicho ndicho kinaniuma kuliko vyote.

Nikaandika swali, na niwaambie ukweli, lilikuwa swali tamu. Sehemu ya kwanza, kwa nini wakala yuko huru. Sehemu ya pili, ni lini korti itawekewa njia ya viti vya magurudumu. Sehemu ya tatu, na hapa ndipo nilipochinja, serikali itarudisha lini nyumbani mwili wa marehemu Ouma, mkazi wa Kombewa. Mheshimiwa akanipigia simu, akasema limemgusa, halafu akauliza, "Lakini umekaa na huyo mama? Mmeongea?" Nikajibu tumeongea sana, Mheshimiwa. Uongo wa kwanza ulikuwa wa goti, wa pili ukateleza bila hata kubisha hodi.

Jumatano akaliuliza, na redio zetu za lugha ya Dholuo zikalirusha moja kwa moja. Nilikuwa nimeongeza sauti, najipongeza, Mzee Barasa naye amesimama mlangoni anasikiliza. Lilipotajwa neno marehemu akanikazia macho.

"Odhiambo, huyo kijana si anampigia mamake simu kila Jumapili?"

Nikamwambia haiwezekani, nimeona picha kwa macho yangu. Akasema picha aliibeba kwa sababu simu yake ni ile ndogo ya kabambe, haina picha, na alitaka mtu wa Mheshimiwa auone uso wa mtoto wake, asimchukulie kama jina tu. Hicho kitambaa, akasema, ni cha mvua. Yote hayo aliyajua kwa sababu walikaa pamoja pale chini ya ngazi karibu saa nzima wakiongea, huku mimi nakunywa chai. Jamani! Niliketi, nikasimama, nikaketi tena. Kumlilia mtu aliye hai kwetu ni kumwitia kifo, na mimi nilikuwa nimeita mkoa mzima walie.

Kabla sijapata pumzi simu ikalia. Mheshimiwa, sauti imechangamka, anasema swali limetikisa Bunge, wabunge wa pande zote wamenyamaza, sasa niende Kombewa kesho niketi na familia kwa niaba yake. Nilifungua mdomo nimwambie. Kilichotoka ni, "Sawa, Mheshimiwa."

Alhamisi nikaenda na gari la ofisi, Mzee Barasa kando yangu. Pale Kisian nilisimama kununua maji, na mama muuzaji bila kuulizwa akanipa pole kwa matanga ya yule kijana wa vitani. Nilikuwa nimeombea habari isiwe imefika mbali.

Ilikuwa imefika. Hema mbili zimesimama, viti vya plastiki vimejaa hadi kwa shamba la mihogo, kwaya inajaribu sauti, fahali amefungwa kwa mti, na wazee wawili wanabishana kaburi liwe upande gani wa nyumba. Gari liliposimama wanawake walilipokea kwa nduru. Wakanikalisha mbele kabisa, wakaniwekea soda, na mzee mwenyekiti akatangaza kwamba mwenye habari kamili amefika, mwakilishi wa Mheshimiwa, atatuambia kijana alikutwa na nini. Nikapewa kipaza sauti. Nikakileta karibu mno, kile chuma kikanigonga meno.

Ndipo Mama Ouma akasukumwa hadi mbele. Hakuwa na picha siku hiyo, alishika ile kabambe kwa mikono miwili. Hakulia. Akaniangalia, akauliza polepole.

"Mwanangu, mimi Jumapili niliongea naye. Kwa hivyo alikufa Jumatatu? Serikali imekuambia ilikuwa saa ngapi?"

Mnaona nilichofanya? Yule mama alikuwa ameamini Bunge kuliko masikio yake. Alikuwa anahesabu saa kati ya sauti ya mtoto wake na swali langu, anatafuta pale pa kumweka afe. Na ningeweza bado kudanganya, niseme tunafuatilia, niseme pole, nile wali nirudi mjini. Nilitamani sana. Lakini uongo wa tatu ulikataa kutoka.

Nikasema, "Mama, mimi sijui kitu. Hakuna mtu aliyeniambia amekufa. Ulipokuja sikushuka ngazi. Niliona picha kutoka dirishani nikaandika."

Halafu, kwa vile mdomo ukishafunguka haufungiki, nikaeleza yote, goti, chai, mandazi. Mzee mwenyekiti akaniomba nirudie hapo kwa mandazi. Nikarudia, mawili, mzee. Kuna mtu nyuma alicheka akanyamazishwa, dada mmoja wa mama akanijia na mwiko wa ugali, na Mzee Barasa akasimama katikati yetu (mimi nisiyestahili). Mama Ouma peke yake hakusogea. Akasema hema zisishushwe. Akasema hajui tena aamini nani, watangoja Jumapili, simu ikilia italia, na mimi nije nikae hapo hapo mbele.

Jioni hiyo nilimwambia Mheshimiwa. Akasema nisikanyage ofisini mpaka kijana apige. Sikumuuliza, asipopiga je. Ijumaa na Jumamosi sikula chakula cha maana, na kila nikifumba macho nilijiuliza, na kama kweli ni marehemu, na kama mimi ndiye nimeita.

Jumapili tukafika mapema. Simu imewekwa juu ya meza ndogo yenye kitambaa, na watu wote wanaiangalia. Ouma huwa anapiga saa saba, kanisa likitoka. Saa saba ikapita. Simu ililia kweli, nikaruka, ni shangazi wa Siaya anatoa pole. Ikalia tena, pole nyingine. Saa nane ikapita, kwaya imeacha kuimba, fahali peke yake ndiye anakula bila wasiwasi. Mama Ouma alikuwa amefumba macho, midomo inatembea. Nilisali sala ambazo sikuwa nimezigusa tangu shule ya msingi.

Saa tisa na nusu ikaingia namba ndefu ya ajabu. Mama Ouma akapokea, akaweka sauti juu tusikie wote.

Alikuwa Ouma. Walikuwa wamehamishwa, akaazima simu ya mwenzake, na kitu cha kwanza alichokiona mtandaoni ni picha yake mwenyewe imezungukwa na mishumaa na majirani wakimwombea apumzike kwa amani. Alicheka kwa muda, hema zote mbili zikacheka naye na kulia, halafu akaacha kucheka na tukasikia anapumua tu.

Akasema, "Mama, huyo mtu aliyeandika yuko hapo? Mwambie sina hasira. Mwambie aulize tena, lakini upesi, kabla aliyoandika hayajawa kweli."

Hema zikashushwa, fahali akafunguliwa, na viti vyote nilivipanga mimi hadi mgongo ukakataa. Wiki iliyofuata Mheshimiwa alisimama kurekebisha swali, mbunge mmoja wa serikali akauliza kama marehemu amefufuka, Bunge likaangua kicheko, na Mheshimiwa akasimama pale akameza aibu yangu. Siku hizi meza yangu iko chini, kando ya Mzee Barasa (nawaambia watu niliomba mwenyewe). Kiti cha magurudumu kikitokea barabarani nakwenda kukipokea hata kabla sijaitwa, juzi nilimkimbilia bwana mmoja aliyekuwa anapita zake kwenda benki. Na nimeapa: siandiki jina la mtu ambaye sijakaa na watu wake nikauliza kama yuko hai au amekufa.

Waziri bado hajajibu. Kila Jumapili, Ouma akishapiga, Mama Ouma ananipigia mimi. Haongei mengi, anasema tu, "Muuaji, amepiga," na mimi nasema asante Mama, halafu ndio naweza kula. Leo ni Jumapili. Ni saa kumi sasa, chakula kimepoa mezani, na bado sijaitwa muuaji.