Gari Lililobisha Hodi Kabla Yetu

Kwa miaka mingi nilikana kwamba niliogopa miiko ya ukwe. Nilikuwa na shahada, nilifundisha historia katika shule ya sekondari mjini Kisumu, na nilipenda kuwaeleza walimu wenzangu jinsi mila zinavyobadilika. Ukweli ni kwamba niliiogopa kiasi cha kuliacha gari letu livunjike.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa amenunua gari kuukuu ambalo mbele lilikuwa limechoka kabisa: shokomzoba zilivuja mafuta, na bushi, zile pete za mpira zinazozuia vyuma visigongane, zilikuwa zimelika. Kila shimo liliitikiwa na ko-ko-ko chini ya miguu yetu.

Kelele hiyo ilimfaa sana mama yangu. Kwetu Usenge, mkwe wa kiume hamkuti mama mkwe wake hivi hivi. Mama huenda alikuwa uani akianika omena, wale dagaa wa ziwani, kichwa wazi, nguo ameifunga kiunoni. Akisikia ko-ko-ko barabarani, alipata muda wa kunawa, kujifunga kitambaa na kuingia jikoni. Mume wangu alipofika alikuta ua mtupu, na salamu zikitoka nyuma ya ukuta. Kila mtu alibaki na heshima yake.

Fundi wa karibu na soko la Kibuye alilala chini ya gari, kisha akatoka akipangusa mikono.

"Mama, hili gari linabisha hodi kabla yenu," akasema. "Siku moja gurudumu litafika peke yake."

Akataja bei ya kila upande. Pande zote mbili zilikaribia mshahara wangu wa mwezi.

"Basi tufanye upande mmoja," nikasema.

"Upi? Wako au wa mzee?"

Mume wangu, aliyekuwa ameegemea mlango, akacheka. "Jibu, Mwalimu. Na mimi nasikiliza."

Nikasema ni ghali, tungoje. Nilisema hivyo mwezi huo na mwezi uliofuata, ingawa nilikuwa mjamzito na usukani ulikuwa umeanza kutetemeka hata kwenye lami.

"Ni pesa, au ni mama yako?" mume wangu akaniuliza siku moja.

"Ni pesa," nikajibu, kwa ile sauti niliyoitumia darasani nisipojua jibu. Akilini nilikuwa nikimwona mama akifumaniwa na gari la kimya, mikono imejaa omena, asijue akimbilie wapi.

Kumuuliza mwenyewe nilishindwa. Nilimweleza mtu mmoja tu, mama aliyeniuzia omena Kibuye, ambaye mzigo wake aliutoa Usenge. Nikamwomba asimwambie mtu, kana kwamba sikujua jinsi habari za sokoni zinavyosafiri.

Wiki hiyohiyo karani wa shule alikuja mlangoni mwa darasa: simu kutoka Usenge. Nilikimbia ofisini nikidhani kuna msiba. Alikuwa mama, kwenye simu ya duka, akipaza sauti kama anayetaka nimsikie bila msaada wa waya.

"Nasikia unamwacha baba wa mjukuu wangu aendeshe gari bovu kwa ajili ya kitambaa changu cha kichwa."

"Mama, ni pesa tu..."

"Nyathina, mwanangu, wewe umesoma, lakini kudanganya hukufundishwa vizuri. Litengenezeni. Mkifika pale kwenye kinu cha unga, apige honi. Mara moja tu, kuku wangu wanataga."

"Ndiyo, Mama."

"Na upande wa kushoto nalipa mimi. Pesa nimempa yule mama wa omena."

"Kwa nini wa kushoto?"

"Si ndiko unakokaa?"

Kisha nikamsikia akimuuliza mwenye duka simu hufungwaje.