Ng'ombe Mia Nane Waliopotea Kitabuni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka damu bado inanichemka, na mimi sasa ni bibi mwenye wajukuu sita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naosha vikombe katika kibanda cha chai cha mama yangu pale Kiamaiko, katikati ya soko la mbuzi. Nilichotaka duniani ni kutoka pale tu.

Na nafasi ya kutoka ilikuwepo. Katika ukumbi wa mtaa wetu, Huruma, Mwalimu Wekesa alikuwa ameanzisha chama cha wasomaji, na alitafuta kijana mmoja wa kuajiriwa kutunza maktaba ndogo iliyokuwa karibu kufunguliwa. Alitugawia nakala za riwaya moja ya Kizungu, nene, yenye jalada la kung'aa, akasema atakayeizungumzia vizuri Jumamosi ndiye atakayepata kazi.

Riwaya yenyewe ilihusu wachunga ng'ombe wa Marekani, wale wa kofia pana na bastola, ila hii ilikuwa na mizuka. Na mahali pake, hebu pasikie: ziwa lililokauka likabaki chumvi tupu, na chini ya chumvi wamelala wachungaji waliokufa kwa kiu. Upepo ukivuma wanaamka, kila mmoja anadai mifugo yake. Juu ya chumvi hiyo anapita kijana mmoja na ng'ombe mia nane. Nani asingetaka kujua yatakayompata?

Nilianza kuwasomea wateja wetu mchana, nikiwatafsiria kidogo kidogo, wakati wachunaji ngozi wa machinjioni wanapumzika. Mzee Guyo, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Marsabit, hakubanduka kwenye benchi. Siku nne alisikiliza, chai inampoa mkononi. Siku ya tano kijana wa kitabuni akampenda binti wa mwenye baa, akawapiga mizuka risasi zilizobarikiwa, wakafa mara ya pili, kitabu kikaisha.

"Na ng'ombe?" Mzee Guyo akauliza.

Nikababaika. "Ng'ombe gani, mzee?"

"Hao mia nane. Walikunywa maji wapi?"

Mchunaji mmoja akaangua kicheko. "Manze, huyo mwandishi hajawahi kuchunga hata kuku!"

Hapo ndipo nilipofanya kosa ninaloliona aibu hadi leo. Niliwakunjia uso, nikasema, "Hiki kitabu kimeandikwa na msomi wa ng'ambo. Nyinyi watu wa mbuzi hamwezi kukielewa."

Mama aliacha kukoroga chai. Mzee Guyo hakupandisha sauti.

"Msichana, mimi sijui kusoma. Lakini nikikupa mbuzi kumi unipelekee Njiru, halafu ufike na hadithi tamu bila mbuzi, nitauliza mbuzi wangu wako wapi. Huyo mtu alinipa ng'ombe mia nane, nikakaa nao siku nne na kiu yao. Kwa nini nisiulize? Na wewe, nani amekutuma umtetee?"

Nilikusanya vikombe nikaenda kuviosha. Jioni nilikipekua kile kitabu ukurasa kwa ukurasa, na baada ya katikati sikuona hata kwato moja. Mwandishi alikuwa amewasahau, mwanangu! Mtu amepata mahali pazuri namna ile, akapaharibu kwa uvivu, nami nikawatukana watu wangu ili nimfichie aibu yake. Nilikasirika hadi nikalia.

Jumamosi wenzangu walisimama mmoja mmoja wakakisifu, na Mwalimu akawa anatabasamu tu. Zamu yangu ilipofika nilijua vizuri anataka kusikia nini. Nikasema mahali penyewe ni pa kustaajabisha, lakini hadithi imeharibika, nikaeleza habari ya ng'ombe.

"Wewe wa kibanda cha chai," Mwalimu akasema, "ndiye wa kumkosoa mtu anayesomwa dunia nzima?"

"Ndiyo, Mwalimu, maana na mimi nimemsoma. Kama nimekosea, nionyeshe ukurasa."

Alifungua kitabu, akapekua mbele na nyuma, akakifunga. Kazi akampa mwingine. Nilirudi kwenye vikombe nikaviosha miaka miwili zaidi, na wala sijuti hata chembe. Nililojutia ni kuwadharau wale wa benchi, na Jumatatu niliwaomba radhi mbele ya mama.

Basi nisikilize. Siku hizi mnasomea kwenye simu, mnaambiwa hiki ndicho kitabu cha kusomwa, na mtu akithubutu kusema kimemchosha anashambuliwa hadi afute maneno yake. Usifute! Kisome chote kwanza, sifu panapostahili sifa, halafu sema kilichokosekana na utaje ni wapi. Asikudanganye mtu kwamba ukitoka Eastlands, mitaa hii yetu, kazi yako ni kupiga makofi. Na aliyeketi kando yako, hata kama hajui herufi, usimkanyage kwa ajili ya mtu wa mbali asiyejua hata jina lako. Unaweza kunyimwa kazi kwa kusema kweli. Mimi nilinyimwa, na niko hapa.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe macho makali na moyo usioinama ovyo. Na siku utakapoandika kitabu chako mwenyewe, akuletee msomaji mbishi asiyekuogopa, akukalie mbele, akuulize, na akukute una jibu.