Kilio cha Mchana Kambini

Nakumbuka mchana mmoja nilipompelekea maji mtu ambaye tulikuwa tumeshamzika. Nakusimulia hili, mwanangu, kwa sababu jana uliniambia kwamba mama mkwe wako unayemuuguza akikohoa siku hizi wewe huhisi chochote, wala huruma wala hofu. Ulisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeiba. Kaa hapa kwanza.

Miaka ile ugonjwa wa malale ulikuwa umemaliza watu wa ufuoni. Mume wangu aliugulia kwenye kambi ya wagonjwa, vibanda vya nyasi juu kidogo ya ziwa, na alipokufa nikabaki palepale kuwahudumia wengine. Sikuwa na pa kurudi. Ndugu zake walikuwa wamehama, mitumbwi yao imeachwa ufukweni ikiota majani.

Wewe hukuuona ugonjwa ule. Mtu alisinzia juani, uji ungali mdomoni. Ukimwita alifumbua macho, akakutazama kama aliye mbali sana, kisha akarudi alikokuwa. Adhuhuri wale wadudu wadogo wa ziwani waliinuka kama moshi juu ya maji, na huku chini kambi nzima imelala, hakuna hata anayekoroma.

Nilifanya kazi na mwanamke mtu mzima tuliyemwita Nyar Nyakach, yaani binti wa kutoka Nyakach. Msimamizi wa kambi alikuwa amekataza kilio, akisema kinawavunja moyo walio hai. Ndugu nao waliogopa kukaribia. Basi tukazika kimya. Mwanzoni nililia kichinichini. Baadaye machozi yakakata, nikawa namnyoosha marehemu mikono huku nawaza kuni za jioni.

Ndipo akafa Akeyo, msichana aliyependa nimsuke nywele hata alipokuwa hawezi tena kukaa. Tulimzika asubuhi. Mchana, nikipita karibu na kibanda chake, nikasikia akisema, "Pi." Maji. Nikachota kwenye kibuyu, nikaingia, nikapiga magoti na kupeleka mkono kumshika kisogo kama nilivyozoea. Mkono ukashika hewa. Chini palikuwa na alama ya mkeka tu vumbini.

Kesho yake akaita tena, nami nikaenda tena. Sikuogopa, mwanangu. Nilihudumia sauti ile kama nilivyowahudumia wenye mwili, bila kuhisi lolote.

Nyar Nyakach alinikuta nimepiga magoti mle ndani. Akaniuliza nampa nani maji. Nikamwambia ni Akeyo. Nilidhani ataniona nimerukwa na akili, lakini aliketi chini kando yangu.

"Wangu huniita nikienda ziwani," akasema. "Ni yule mwanamume wa Uyoma tuliyemzika. Huniuliza kama wake zake wameambiwa."

Akakitazama kibuyu mkononi mwangu. Kisha akauliza, "Huyu mtoto umemlilia?"

Nikamjibu kwamba tumekatazwa.

"Sikukuuliza tulichokatazwa. Hawa hawana mtu mwingine, Anyango. Unawazika mchangani na unawabakiza wote kifuani mwako. Utalala kama wao, na hakuna daktari atakayejua unaumwa nini."

Alisimama mlangoni, akaweka mikono kichwani, akapiga ukemi. Sauti ile ilikuwa kubwa kuliko yeye. Ya kwangu ilikwama, kisha ikatoka. Nikamtaja Akeyo, nikamtaja mume wangu, nikawataja wote niliowakumbuka. Msimamizi alikuja mbio kutunyamazisha, akafika karibu, akavua kofia, akasimama tu.

Ndipo nilipoona. Kwenye milango ya vibanda vichwa vilikuwa vimeinuka, kimoja hapa, kingine kule, macho wazi, wote wakitutazama. Nywele zilinisimama. Mzee mmoja aitwaye Odera, ambaye tulikuwa tumesahau sauti yake, akasema polepole:

"Na mimi mtanililia hivyo?"

"Tutakulilia, Baba."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako."

Akarudisha kichwa chini. Jioni nilipomlisha uji, moyo uliniuma kama mguu uliokufa ganzi ukianza kuamka.

Akeyo hakuniita tena. Mwanamume wa Uyoma aliendelea kumwita Nyar Nyakach, mpaka tulipopata msafiri wa kuwapelekea wake zake habari. Tulipomlilia Odera, msimamizi hakutukataza.

Basi sikiliza, mwanangu. Kutohisi kwako si ubaya. Ni moyo uliobebeshwa mzigo, ukanyimwa pa kuutua. Usingoje mama mkwe wako afe ndipo uanze kuomboleza. Unampoteza kidogo kidogo, basi mlilie kidogo kidogo, na umlilie mbele ya mtu, si peke yako jikoni. Siku ya soko mwachie wifi yako kitanda cha mgonjwa, uende kwa dada yako kule Katito, ukae huko mpaka usikie njaa ya kweli. Ukirudi utamwosha kwa mikono ya mtu aliye hai. Na ukianza kusikia yasiyosikiwa na wengine, usiyafiche. Njoo uniambie, hata kama nimelala uniamshe.

Nyasaye, Mungu wetu, akulinde wewe na mgonjwa wako. Akupe nguvu ya mikono, ayaweke machozi yako karibu, na nyumba yako isikose mtu wa kuketi nawe chini.